Chini ya Daraja la Mikoko

Nianze na choo, maana ndicho tulichoanza nacho. Tulikuwa hatujamaliza kushuka kwenye bajaji mbele ya geti la bustani, vumbi la njia ya Madimba bado limetukaa kwenye kope, mgeni wetu akauliza pa kujisaidia. Tukaoneshwa kibanda kilichopakwa rangi ya kijani, mlangoni pamechorwa ua. Nikatangulia mimi, kwa adabu, nimtazamie mgeni kama panafaa. Hapakufaa. Sitaki kuandika yote niliyoyaona. Itoshe kwamba sakafu ilikuwa imelowa na haikulowa maji, ndoo ilikuwa kavu ina kopo lililopasuka, na ukutani mtu alikuwa amefutia kidole chake. Nikatoka nimebana pumzi, nikamwambia mgeni maji yamekatika, avumilie kidogo au aende vichakani. Akaenda vichakani. Aliporudi alisema huko nako watu wameshatangulia.

Mgeni huyo ni mama wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu. Ni Myao wa Masasi aliyeolewa Dar es Salaam akazeekea huko, mama mnene mwenye sauti ya kucheka, na siku hiyo alikuwa amembeba mgongoni mjukuu wake, mtoto wa kike anayeanza kutembea. Posa ilikuwa imeshafika, na kaka yangu, ambaye ndiye mjomba mtu, alikuwa ameshaipokea vizuri. Lililobaki lilikuwa neno la dada yangu. Kwetu sisi, mtoto hata awe wa tumbo lako, dada yako mkubwa ndiye mama yake wa kwanza mbele za watu. Mjomba akikubali na mama mkubwa akanuna, posa inarudi ilikotoka. Nimeshaona ikirudi, si hadithi.

Sasa kwa nini tulikuwa bustanini badala ya kuwa kwa dada yangu? Hilo lilikuwa wazo la binti. Dada yangu anaishi kwa tondo, wale konokono weusi wa kwenye matope ya mikoko. Huwaokota maji yakipwa, huwachemsha, huwatoa kwa mwiba na kuwauza. Uani kwake kuna kichuguu cha magamba, na jua likiyapiga pana harufu. Mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo, siisikii, lakini binti yangu, aliyepita chuo cha ualimu kwa karo ya tondo hao hao, anaisikia. Akasema, mama, tumpeleke mgeni kwanza kwenye ile bustani mpya ya matembezi, apunge upepo, apige picha, moyo ulainike. Kwa mama mkubwa tutakwenda kesho, tukiwa tumempelekea salamu, apate kufagia. Sikuona ubaya. Mpaka leo sijui kama palikuwa na ubaya. Mtu ukimwonea haya unamwekea siku yake peke yake, na ukimheshimu pia unamwekea siku yake peke yake. Kwa nje mambo hayo mawili yanafanana, na ya ndani ya binti yangu siwezi kuyasema.

Bustani yenyewe ipo upande wa kusini, Ruvuma inakokaribia kumwaga maji yake baharini, pale msitu wa pwani unaposhuka mpaka kwenye mikoko. Mwenye nayo simjui na sitaki kumsema. Kusema haki, mwanzo wa njia panapendeza. Mawe ya pembeni yamepakwa chokaa, maua ya karatasi yamekatwa kwa mstari, kuna twiga wa saruji ambaye watoto wanampanda, na miti ina vibao vyenye majina yake. Kibao kimoja kilinifundisha jina la Kiswahili la mti ambao nimeukatia kuni maisha yangu yote nikiujua kwa Kimakonde tu. Nikasimama nikakisoma, nikarudia. Nilifurahi kweli, na ningependa furaha ile ingekaa kidogo.

Haikukaa. Kona ya kwanza tu, wafagiaji wameishia hapo. Kuna bwawa lililoandikwa kuwa la yungiyungi. Yungiyungi lilikuwa moja, limekunjamana, na maji yamekuwa mazito kijani kama mlenda uliolala. Chupa zinaelea, soli ya kandambili inaelea, na samaki mkubwa amevimba tumbo juu, kenge anamvuta kutoka ukingoni bila haraka. Upepo ukageuka, nikaziba pua kwa ncha ya khanga. Mbele kidogo kuna mabenchi yamefichwa kwenye maua, ya wapendanao. Chini ya moja palikuwa na vitu vya wakubwa vilivyokwisha kutumika, vingi, vimetupwa hovyo. Binti yangu akaharakisha ili nisivione, nami nikajifanya natazama juu. Juu palikuwa na tumbili analamba karatasi ya chipsi, mdomo umejaa tomato kama aliyetoka kung'olewa meno.

Halafu nikajiuliza, kwetu kijijini tunatupa wapi? Tunatupa nyuma ya nyumba, upepo unachukua unampelekea jirani. Nina haki gani ya kuziba pua? Nikajijibu kwamba sisi angalau hatumkatii mtu tiketi ya kuja kuyatazama. Jibu hilo lilinitosha kwa mwendo mfupi, kisha nikakanyaga kitu laini na sikutaka kutazama ni nini.

Mkwe alivumilia kuliko mimi, lazima niseme. Wayao na Wamakonde ni watani, na tangu asubuhi tulikuwa tunatupiana maneno. Alipomwona yule tumbili aliniuliza kama ndiye kitoweo cha leo, au bado tumeshikilia panya wetu. Nikamwambia Myao angempata tumbili huyo angemvalisha kanzu kwanza, amweke kwenye sinia zuri, wageni watazame, kisha walale na njaa. Alicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Utani ni jambo zuri. Mtani akikumwagia maji msibani unacheka, akikuchukulia kuku unamsindikiza mpaka njiani. Kukasirika hakumo. Nalieleza hili kwa sababu ndilo lililotaka kutuharibia siku, au ndilo lililoiokoa, sijaamua.

Mwisho wa njia kuna daraja refu la mbao, limepita juu ya mikoko kuelekea kwenye maji makubwa. Mbao ni mpya, zinanukia. Ilikuwa bamvua, maji yamepwa mbali kabisa, na chini yetu tope jeusi lilikuwa wazi na mizizi imesimama kama meno ya chanuo. Wanawake kadhaa walikuwa wameinama humo, kila mmoja na ndoo yake, wanaokota tondo.

Na humo humo ndimo uchafu wote ulimokwenda kulala. Mwingine huletwa na bahari, sitaki kuwabebesha watu wa darajani lawama yote. Lakini bahari haileti boksi la chipsi likiwa bado kavu. Palikuwa na chupa, mifuko, masanduku ya keki, na pampasi. Pampasi zilikuwa nyingi. Zimenyonya maji ya chumvi zikavimba kama maiti, nyingine zimepasuka, na yale mambo ya ndani yake yametapakaa juu ya tope kama mayai ya chura. Nilimwona mwanamke mmoja akiisukuma moja pembeni kwa kiganja, kisha akaingiza kiganja hicho hicho pale ilipokuwa, akatoa tondo, akamtia kwenye ndoo. Mate yakanijaa mdomoni, yale ya kabla ya kutapika.

Sikumtambua yeyote. Vilemba vimeshuka usoni, matope mpaka mapajani, ukiwatazama kutoka juu unaona migongo tu. Binti yangu alianza kukaza mwendo, anasema mbele ndiko kuzuri kwa picha. Baadaye nimewaza kwamba labda alikuwa ameshaona. Simshitaki kwa nisichokijua.

Hapo mtoto akajisaidia. Mkwe akamlaza kwenye benchi la darajani akambadilisha. Alipomaliza nikamwona anatazama huku na huku. Nisimwonee: daraja zima halikuwa na pipa. Lile la getini lilikuwa limefurika, nzi wamelitanda. Akaiviringisha ile pampasi, akaifunga kwa vile vikanda vyake, vizuri, kwa unadhifu wa mtu msafi wa mwili na nyumba. Kisha akanyoosha mkono nje ya ukingo, akaiachia.

Ilipiga ndoo. Tulisikia.

Sauti kutoka chini ikauliza, bila kupaza, ni nani amedondosha mzigo wa mtoto wake. Sauti ile naijua tangu sijajua jina langu mwenyewe.

Dada yangu akapanda ngazi za daraja. Mkono mmoja ndoo, mkono wa pili ile pampasi, ameininginiza kwa ncha ya kikanda. Tope linamtiririka kwenye mbao mpya. Alikuwa ananuka, siwezi kuandika kwamba hakuwa ananuka. Akaniona mimi na khanga yangu ya doti mpya. Akamwona binti yetu, akamwona mama mgeni, kiatu chake, kitenge chake cha kushonesha, na mtoto. Dada yangu hajasoma hata darasa moja, lakini hapo palikuwa hapahitaji kusoma. Alijua wageni wa posa wamefika, na wamepelekwa kutembea kwanza mahali ambapo yeye hakuitwa.

Binti yangu alikuwa anatazama mbao. Watu wengine waliokuwa wakipita wakatusogelea, mmoja ameshika simu yake tayari. Nilijua nikikaa kimya kwa pumzi moja zaidi, nitakuwa nimemkana. Nikapiga goti pale pale.

"Shikamoo, dada," nikasema. Kisha nikamgeukia mgeni. "Mkwe, huyu ndiye mama wa mtoto. Yule uliyekuja kumwona."

Mkwe alishtuka, rangi ikamtoka. Sasa hapa ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kabila jingine asingeweza kulifanya, kwa kuwa asingekuwa na utani wa kukimbilia. Akaangua kicheko, akafungua mikono.

"Kumbe ndiye mtani wangu mkuu," akasema. "Ahsante mtani, umeniokotea mzigo wangu. Nami nilivyowajua ninyi, nilidhani mtaukaanga."

Alicheka peke yake. Nami kwa kweli kinyaa nilichokisikia wakati ule kilizidi cha chooni na cha bwawani. Pampasi ni kitu cha mtoto, mtoto hana kosa. Lakini kuuchukua utani wa bibi zetu ukafunikia kitu kama kile, ukijua mwenzako kwa sheria hawezi kukasirika, hilo lilinikaa kooni. Labda namwonea. Mtu akishikwa na haya hushika kilicho karibu, na kilichokuwa karibu naye ni utani.

Dada yangu hakupandisha sauti.

"Ntani akinipaka tope nacheka," alisema. "Akinimwagia majivu nacheka. Mavi hayamo kwenye utani wetu. Bibi zetu hawakuyatia humo."

Mkwe akajitetea kwamba hapakuwa na pipa, angeuweka wapi?

"Ntoto umembeba," dada yangu akamjibu. "Na nzigo wake ungeubeba."

Mkwe ni mtu wa mila, anajua kwamba mtani akivuka mpaka hutozwa. Akasema basi, ametozwa, ataleta kuku. Akamtazama dada usoni, akapandisha mpaka mbuzi. Dada akakataa. Akasema kuku ataliwa leo, kesho ni manyoya. Akaonesha chini kwa kidevu, kwenye zile nyeupe zilizotapakaa, akasema neno lake la posa liko huko chini, anayelitaka ashuke akalichukue.

Binti yangu akaanza kusema mama mkubwa jamani. Dada hakumgeukia hata.

"Nawe uje, mwanangu," alisema. "Ndimo ulimosomea."

Nikajua posa imekwisha. Bajaji ilikuwa inatusubiri getini, mkwe angeweza kugeuka tu akaenda zake, na watu wengi wangempa haki. Nilimtazama mdomo unamcheza. Akavua viatu, akavipanga kwenye benchi, akanikabidhi mtoto, akakusanya kitenge chake akakifunga katikati ya miguu. Akasema Wamakonde tangu zamani wanatafuta njia ya kuiona miguu ya Myao, basi leo watazame washibe. Dada yangu akatoa kicheko kidogo, cha puani, akatangulia ngazi.

Tope lilimmeza mkwe mpaka chini kidogo ya goti. Akashika mzizi, akainama, akaiokota ya kwanza. Ilipasukia mkononi. Nilikuwa juu lakini nilisikia harufu yake ikipanda, harufu ya kitu kilichooza ndani ya chumvi. Akageuza uso, akajikaza, mabega yakamtikisika, akatapika kwenye mkoko. Akapangusa mdomo kwa bega, akaokota ya pili.

"Hizi nyingine si zangu, mtani," akasema.

"Hata mimi si zangu," dada akamwambia. "Mimi sina ntoto nchanga."

Binti yangu naye alishuka, ushungi umefungwa puani, anaokota kwa vidole viwili huku machozi yanamtoka. Wale wanawake wengine walisimama wakatazama, mmoja akasema kitu kwa Kimakonde ambacho siandiki. Wale waliokuwa na simu walipiga picha. Mimi nilibaki darajani nimempakata mtoto. Nilijiambia nimebaki kwa ajili ya mtoto, na inawezekana ni kweli, maana hapakuwa na wa kumwachia. Lakini pia sikutaka kushuka. Yote mawili yalikuwepo.

Akaja mlinzi wa bustani mwenye filimbi, akapiga, akasema hairuhusiwi mgeni kutoka nje ya njia. Dada akamwuliza zile walizokusanya aziweke wapi. Mlinzi akalitazama rundo, akatazama upande wa getini, akajikuna. Haki yake nimpe: alikwenda akarudi na salfeti mbili, ile mifuko mitupu ya mbolea, na akazibeba mwenyewe zilipojaa, ameuelekeza uso pembeni. Tulipokuwa tunatoka niliziona zimesimamishwa nyuma ya kile choo cha kijani. Labda zilikuwa zinasubiri gari. Sijui kama gari hufika.

Kule chini walikuwa wamesafisha mahali padogo, kama mkeka wa watu wawili. Nilipotazama nyuma mara ya mwisho maji yalikuwa yameanza kujaa, na kitu cheupe kilikuwa kinaelea kuja hapo.

Nilipomwambia dada kwamba kwake tulipanga kuja kesho, akasema hiyo kesho yenu ni leo. Tukaenda kwake hivyo hivyo, bajaji tumeichafua, dereva amekasirika na ana haki. Akatandika mkeka uani, karibu na kichuguu cha magamba. Akawachemsha tondo wa ile ndoo, akawatoa kwa mwiba mmoja mmoja, akawaunga na nazi. Wakwe hula sinia moja, ndipo neno linatolewa. Kama hamkula pamoja, hakuna lililosemwa.

Sasa niwe mkweli kuhusu ile ndoo. Pampasi haikuingia ndani, ilipiga ukingo ikaangukia tope, dada alisema hivyo na mimi namwamini. Tena ilikuwa imefungwa. Tena aliwaosha tondo kwa maji mengi, nilimwona, na maji ya kuchemka hayabakizi kitu. Najua yote hayo.

Mkwe alinawa kwa sabuni, akanawa tena, akanawa tena. Akakata tonge la ugali wa muhogo, akachota, akatafuna. Akasema Wamakonde ni wachoyo, chakula hiki wamekificha miaka yote wanawadanganya watu kwa panya. Akachota tena. Dada yangu safari hii akacheka kwa mdomo wote, akampiga mkwe paja, na mtoto akazungushwa mikononi mwao. Binti yangu alikula pia, polepole, bila kuinua macho.

Mimi nilimtia tondo mdomoni akakataa kwenda. Nimeachishwa ziwa kwa chakula hiki. Nimekila nikiwa na mimba ya binti huyu huyu. Lakini nilipomgusa kwa ulimi, laini vile, nikauona ule mkono kule kwenye tope ukisukuma ile nyeupe na kuingia chini yake. Kumtema mbele ya mkwe ni kulitema neno lenyewe. Nikamweka shavuni, nikala ugali juu yake, nikanywa maji, bado yupo. Nikaona dada ananitazama. Amenilea, anajua nikiwa na kitu shavuni.

"Meza," akasema, chini chini, kama anayeniomba chumvi.

Nikameza. Dada akapangusa mikono kwenye khanga yake, akamgeukia mkwe, akasema mtoto ni wenu.

Harusi ni baada ya mavuno ya korosho. Mkwe ametuma salamu kutoka Dar kwamba asije akakosa tondo siku hiyo, na dada ameshasema sinia la wakwe litakuwa la tondo, hapana kingine. Nami ndiye mama wa bibi harusi, nitakaa kwenye sinia hilo. Kila nikiikumbuka siku inayokuja, hata nikiwa shambani peke yangu, lazima niteme mate.